Mti Niliousogeza Kule Muthara

Tangu nirudi, kila mmoja wenu amenipigia kuuliza Muthara kulikuwaje, na kila mmoja nimemjibu, "Ni mbali." Jibu hilo limewaudhi baadhi yenu, akiwemo mke wangu Wawira, ambaye ninakula naye meza moja na bado hajapata maelezo kamili. Naandika mara moja ili nisisimulie mara kumi. Mambo ya mapatano na matayarisho nayaruka. Hayajawahi kumfurahisha mtu, mimi nikiwa wa kwanza.

Embu, juu ya kinu

Wale ambao hamjafika ninapofanyia kazi: ni chumba kimoja juu ya kinu cha posho, hapa Embu mjini. Dirisha linatazama kaskazini, jambo ambalo vitabu vya uchoraji hulisifu sana. Linatazama pia choo cha jirani, na hilo vitabu havikulitaja. Kinu kikianza saa mbili asubuhi, sakafu hutetemeka, unga hupanda kupitia nyufa za mbao na kutua juu ya rangi mbichi. Ndiyo maana picha zangu zote za miaka kumi iliyopita zina ukungu mwepesi kama wa alfajiri. Mgeni mmoja msomi aliwahi kuniambia anapenda sana namna ninavyoukamata ukungu wa mlima. Nilimshukuru. Ilikuwa njia rahisi kuliko kumweleza habari za mahindi.

Daktari Nkatha, ambaye amewang'oa meno nusu ya watu wa mji huu, alipanda ngazi siku moja, akapangusa kiti kwa leso, akakaa. Alitaka picha ya kwao Muthara, aitundike pale wagonjwa wanapongojea.

"Mtu akiwa na jino linamuuma anataka kuangalia kitu kimetulia," alisema. "Nichoree shamba la mama, kutoka barabarani. Na kanisa la huko nyuma lionekane. Baba alisaidia kulijenga kwa mikono yake."

"Litaonekana."

"Na usichore kutoka kwa simu. Nenda ukae. Mama atakupa pa kulala."

Hapo alikuwa amenigusa penye kidonda cha majivuno. Miaka kumi na minane nilifundisha sanaa shuleni, na katika miaka hiyo yote niliwaambia wanafunzi kwamba kupiga picha kwa simu kisha kuinakili ni uvivu wa jicho. Nilimpa daktari hotuba hiyo nzima. Alisikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kuongea na watu wasioweza kufunga mdomo.

Embu hadi Makutano, chai kwa chai

Nilipata lifti kwa Murithi, Mmeru mwenye pikapu, anayesambaza miche ya avokado na makadamia. Aliniahidi kwamba tungefika Meru saa saba mchana. Sikumuuliza angesimama mara ngapi, na hilo ni kosa la mtu aliyesoma. Murithi hauzi miche na kwenda zake. Hurudi kuikagua, kama mkunga anayepitia watoto aliowapokea. Runyenjes tulisimama kutazama miche ya mwaka jana. Chuka tulisimama mara mbili. Kila boma lilikuwa na chai, na chai ya mtu haikataliwi. Ya kwanza ilikuwa ya tangawizi. Ya tatu ilikuwa maziwa matupu yaliyoonyeshwa majani ya chai kwa mbali. Ya nne iliandamana na sahani ya mukimo wa ndizi zilizopondwa na mwenye nyumba aliyesimama juu yangu kuhakikisha kwamba nimemaliza.

"Wewe ni wa Embu," Murithi alisema tukipanda moja ya zile kona zisizoisha, "kwa hivyo wewe ni wa kutafuna muguka."

"Situmii."

"Lakini ungetumia, ungetumia muguka. Majani. Kama mbuzi."

"Na nyinyi wa miraa?"

"Sisi tunachagua kijiti. Tunatoa ngozi pole pole, kama watu wamesoma."

Nikamwambia kwamba mimi pia nimesoma, tena hadi chuo kikuu.

"Ulisomea nini?"

"Kuchora."

Alikata kona nyingine kwanza. "Miaka mingapi?"

"Minne."

"Na wazazi walikuwa wanaangalia tu?"

Daraja la Nithi, ambapo ajali zimeua wengi, tulilivuka bila neno, redio imezimwa, kama wanavyolivuka watu wengi wa barabara hii. Baada ya hapo kulikuwa na chai nyingine mbili. Tuliingia Makutano, pale Meru mjini, saa kumi na mbili jioni kasoro dakika chache. Malori yalikuwa yamefunga njia panda kila upande na kila dereva akimlaumu mwenzake kwa honi. Murithi aliponishushia mizigo niligundua kwamba maji ya miche yalikuwa yakidondokea turubai langu la kuchorea tangu Embu. Lilikuwa limelegea kama shuka.

Nililala kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa karibu. Mhudumu alitazama stendi yangu, ile ya miguu mitatu ambayo turubai hukaa juu yake nikichora, akauliza kama nayo italala humu. Nilimweleza. Aliuliza tena. Nilimweleza tena.

Makutano hadi Muthara

Asubuhi nilipanda gari la kwenda Maua. Pikapu za miraa zilikuwa zikija kwa kasi upande wa pili, na abiria wote, pamoja na mimi, tulikuwa tukikanyaga breki ambazo hatukuwa nazo. Baada ya Kianjai mvua ya rasharasha ilianza. Pale Muthara nilishuka, nikachukua bodaboda ya kunipeleka ndani. Mwenye pikipiki aliitwa Kaberia, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye koti la mvua lililofika magotini. Alishika stendi, akaipima uzito.

"Hii ni ile ya kuweka mashine juu?"

"Ni stendi."

"Ya kupima mashamba?"

Naomba mnielewe hapa. Nilikuwa nimemweleza Murithi. Nilikuwa nimemweleza mhudumu mara mbili, na mwanamke aliyekaa kando yangu garini, na askari mmoja wa kizuizi cha barabarani. Mgongo uliniuma. Nikaitikia kwa kichwa. Haukuwa uongo wa kupanga. Nilikuwa nimechoka tu, na kuitikia kulikuwa kufupi kuliko kueleza.

Kaberia hakusema neno tena hadi tulipofika, ila mahali pawili alipunguza mwendo na kuwaambia watu kitu kwa Kimeru. Kimeru cha Tigania mimi nakielewa kama redio yenye mikwaruzo. Niliona tu kwamba wale watu walinitazama kwa heshima, na kwa kuwa heshima ni kitu adimu katika kazi yangu, niliwapungia mkono.

Muthara, nje

Mama Nkatha ni mjane wa miaka sabini na zaidi, mwembamba, anayetembea na fimbo ambayo sikumwona akiiegemea hata mara moja. Aliitumia kuonyesha vitu. Alinipokea kwa bakuli la uji uliochachuka, wao huita ucuru, nikalimaliza, akajaza tena. Kisha akanionyesha shamba.

Ngojeni niwapange vizuri, maana bila hili hamtaelewa kilichofuata. Nilisimamisha stendi juu ya ukingo wa barabara, upande wa pili, udongo mwekundu. Mbele yangu kulikuwa na barabara. Ng'ambo ya barabara, mkono wa kulia, shamba la Mama Nkatha: tangi la maji, nyumba, na karibu na upande wa kushoto safu ya miraa ya zamani, miti kumi na mmoja. Mkono wa kushoto, shamba la shemeji yake, Baariu, mdogo wa marehemu mumewe. Katikati ya mashamba hayo mawili, kando kabisa ya barabara, palisimama mti mmoja wa muringa, unene wa paja la mtu mzima. Na nyuma ya yote, juu ya kilima, kanisa lenye msalaba juu ya paa.

Ila kanisa halikuonekana. Kutoka pale nilipokaa, muringa ulikuwa umeziba msalaba sawasawa, kana kwamba mtu aliupanda kwa makusudi hayo.

Kwa kawaida nikichora nje, watu husimama nyuma yangu na kunisahihisha. Hapa Embu nimeambiwa mguu wa ng'ombe ni mwembamba, nimeambiwa nimesahau nguzo ya stima. Kule Muthara walisimama mbali, kimya. Nilifunga jicho moja, nikanyoosha mkono wenye brashi, nikapima nyumba kwa kidole gumba kama nilivyofundishwa. Mzee mmoja akavua kofia.

Alasiri Baariu mwenyewe alikuja. Ni mtu wa miaka sitini, mnene, sauti ya upole. Aliniletea kiti.

"Kazi itaisha lini?" aliuliza.

"Kesho kutwa, mvua ikikubali."

"Na huo mti umeuona?"

"Huo ndio unanisumbua," nikamwambia. "Umekaa vibaya."

Alivuta pumzi. "Kumbe hata wewe umeona umekaa vibaya."

"Sana. Ungekuwa pale, mkono wa kulia, hatua sita hivi." Nikamwonyesha kwa ncha ya brashi. "Ungefaa zaidi."

Baariu alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akaenda. Nilijisemea moyoni kwamba hatimaye nimempata mkulima mwenye jicho la sanaa.

Muthara, ndani

Siku ya pili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mama Nkatha alinipa stoo ya mahindi, nikaegemeza turubai kwenye magunia na kuendelea kutoka kichwani. Nikichora nje mwanga hunidanganya. Nikiingia ndani huwa simhitaji mwingine, najidanganya mwenyewe. Kule nje nilikuwa nimeweka alama hafifu ya muringa mahali pake. Ndani ya stoo, kukiwa na harufu ya mahindi na panya mmoja asiyejali sanaa, nilitazama ile alama na kukumbuka ahadi ya kanisa. Nikaifuta kwa kitambaa. Nikausogeza mti hatua sita kulia, kupita miraa, karibu na tangi. Msalaba ukatokea. Picha yote ikapumua. Nimefanya hivyo kwa miti mingapi maishani, sijui. Wanafunzi niliwaambia mchoraji ni mtu mwenye ruhusa ya kuhamisha milima.

Kisha nyeupe ikaniishia, na mawingu hayajaanza.

Makutano tena

Siku ya tatu nilirudi Makutano kutafuta rangi nyeupe. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa na foleni ya watu wa misumari.

"Nyeupe ya ndani au ya nje?" kijana wa kaunta aliniuliza.

"Ya mawingu."

"Hayo ni mabati?"

"Ni mawingu. Ya angani. Nachora picha."

Aligeuka na kumuuliza mwenzake. Mwenzake alitaka kujua ni vyumba vingapi. Mwishoni nilipewa kopo la nyeupe ya milango na mbao ya kukorogea, pamoja na ushauri kwamba nipake mara mbili. Mvua ilizidi, magari ya Maua yakaadimika, nikala sahani ya maharagwe na chapati katika hoteli iliyojaa watu waliokwama kama mimi. Nililala tena kwenye nyumba ile ile, na mhudumu aliponiuliza stendi iko wapi nilimwambia imebaki kwa jamaa zake.

Muthara, mti haupo

Niliporudi siku ya nne mchana, Kaberia alinishusha pale pale barabarani. Nilitazama ng'ambo na kwa muda mfupi nikafurahi. Kanisa lilionekana lote, msalaba na paa, kama nilivyotaka. Nilidhani natazama picha yangu.

Muringa haukuwepo. Hapakuwa hata na kisiki. Ukingo wote wa barabara, kutoka kwa Baariu hadi karibu na tangi, ulikuwa umelimwa upya na kupandwa maharagwe, udongo umesawazishwa vizuri kama kitanda cha mgeni.

Mama Nkatha alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, fimbo magotini.

"Mwalimu," aliniambia, "ni kweli ulimwambia Baariu mti umekaa vibaya?"

Ndipo aliponieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Baba mkwe wake aliwagawia wanawe wawili shamba kwa mdomo na akapanda muringa uwe mpaka. Watu wa vipimo wamengojewa tangu mumewe akiwa hai na hawajafika. Tangu mumewe afariki, Baariu amekuwa akisema miraa ile kumi na mmoja iko upande wake. Miraa hiyo ndiyo iliyomsomesha Nkatha hadi akawa daktari, na ndiyo inayomlisha yeye hadi leo. Kisha akaja mtu mwenye stendi ya miguu mitatu, Kaberia akatangaza kwamba mpimaji amefika, na mtu huyo akasema kwa mdomo wake kwamba mti ungekuwa hatua sita kulia. Hatua sita kulia, miraa yote ni ya Baariu. Nilipokwenda kununua mawingu, alileta msumeno wa petroli na vijana wanne. Kisiki walikipeleka kuchoma makaa.

"Hukuwaambia wewe ni nani?" aliuliza.

"Nilikuwa nimechoka, mama."

Aliinuka akaenda kunipashia chakula, na hiyo ilikuwa adhabu mbaya kuliko matusi.

Muthara, shimo moja

Asubuhi ya siku ya tano alikuja mzee wa kijiji. Cheo ni hicho, na watu wote humwita Mzee, lakini ni mama wa miaka arobaini na kitu, jina lake Karimi, anayeuza nguo za mitumba sokoni. Alikuja na gamboti zenye matope na watu kama thelathini nyuma yake.

Baariu hakukana kwamba aliukata mti. Alisema ulikuwa wake, tena ulisimama kule karibu na tangi, na yeye amechoka na majani yake. Mama Nkatha alisema ulisimama kushoto ya miraa. Kila upande ulikuwa na watu wa kuuunga mkono, na wote walikuwa jamaa. Karimi alimpigia Daktari Nkatha simu, akamwomba picha zozote za nyumbani. Zilikuja kumi na nane. Zote zilikuwa za watu wakikata keki.

"Basi kuna ile ya Mwalimu," Baariu alisema kwa upole. "Yeye alikaa hapo siku nzima akiangalia."

Waliitoa stooni wakaiegemeza kwenye tangi. Sijawahi kuwa na watazamaji makini kama wale. Walihesabu miraa: kumi na mmoja. Waliona lango lililopinda, leso ya Mama Nkatha kwenye kamba, ufa wa tangi. Mwanamke mmoja alisema hata yale mabati yenye kutu nimeyaweka. Na pale, kulia ya miraa, karibu na tangi, muringa wangu mzuri.

"Hata picha inasema," Baariu alisema.

Mama Nkatha alininyooshea fimbo.

"Picha ni ya uongo," nikasema. "Mti niliusogeza."

Karimi aligeuka. "Uliusogeza?"

"Ndiyo."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Picha ilikaa vizuri zaidi."

"Sasa hiyo ni kazi gani?" mtu akauliza nyuma.

"Na tangi, ulisogeza?" Karimi aliuliza.

"Hapana."

"Lango?"

"Hapana."

"Na hii ng'ombe ni ya nani? Hapa hakuna ng'ombe."

"Ng'ombe niliongeza."

Walicheka, lakini si kwa wema. Baariu alingoja wamalize. "Mzee," alimwambia Karimi, "huyu amelala kwa mama Nkatha na kula chakula yake. Siku ya kwanza aliniambia mti ukae kulia. Akachora kulia. Leo anasema kushoto. Tumwamini saa ngapi?"

Lilikuwa swali la haki, na sikuwa na jibu la heshima. Nikatoa lisilo la heshima. Nilisema niliusogeza kwa sababu ulinizibia msalaba. Niliahidi kanisa, na kutoka pale nilipokaa, mti ulisimama kati ya jicho langu na msalaba, sawasawa, bila kupungua wala kuzidi. Kama ningekuwa mkweli, hawangeona kanisa kwenye ile picha.

Karimi alifikiri. "Pale ulipokaa panajulikana?"

Panajulikana. Miguu ya stendi ilikuwa imeacha matundu matatu kwenye udongo mwekundu, yamejaa maji ya mvua.

"Shimo moja," Karimi akaamua. "Mahali pamoja. Tukikuta mizizi, mpaka uko hapo. Tukikosa, tunafuata picha, na hakuna mtu atachimba tena. Siwezi kugeuza shamba la watu kuwa la fuko."

Tulivuka barabara. Niliweka stendi kwenye matundu yake, nikakaa kwenye kiti kile kile alichonipa Baariu, nikafunga jicho moja. Kaberia alitembea na fimbo ya Mama Nkatha kando ya maharagwe, akiisimamisha wima.

"Kulia," nikapiga kelele. "Kidogo tena. Hapana, rudi."

Sasa nikiri jambo. Nikiwa na miaka hamsini na mitatu, jicho langu la kulia halikubaliani na la kushoto. Mgongo wangu siku ile ya kwanza ulikuwa umenyooka, na siku hii ulikuwa umepinda. Nikiegemea upande mmoja, fimbo ng'ambo ya barabara inasogea nami karibu kiasi kile kile, na shimo lilikuwa moja tu. Maisha yangu yote makosa ya aina hiyo yamekuwa yakiishia ukutani mwa mtu, yakisifiwa. Nilikaa pale nikatamani, kwa mara ya kwanza, kwamba ningekuwa na picha ya simu.

"Hapo," nikasema.

Karimi hakuniamini. Alinisimamisha, akakaa kitini mwenyewe, akafunga jicho, akatazama. "Fimbo imeziba msalaba," alisema. "Chimba."

Vijana wawili walichimba. Shimo likafika kifundoni, hakuna kitu. Katikati ya goti na kifundo, hakuna. Mmoja akasimama kujipangusa, akamtazama Baariu, na Baariu akatazama mawingu. Mama Nkatha alikuwa amesimama kando ya safu yake ya miraa, mkono mmoja umeshika shina, kama mtu anayemshika mtoto barabarani. Goti. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia Daktari Nkatha na sikupata hata la kwanza.

Jembe likagonga. Kijana akainama, akafukua kwa mkono. Ulikuwa mzizi mnene kama kifundo cha mkono, umekatwa kwa panga, na pale ulipokatwa bado palikuwa peupe. Kando yake kulikuwa na mwingine, na mwingine, yote ikielekea katikati.

Watu walisogea kutazama. Baariu pia alisogea.

"Mizizi hutembea," alisema.

"Hutembea, mzee," Karimi alimjibu, "lakini hii imetembea ikakutana hapa yote. Basi shina lilikuwa wapi, kwa mkutano mwingine?"

Baadhi walicheka. Baariu hakucheka, lakini hakubisha. Alichukua jembe kutoka kwa kijana na kuanza kufukia shimo mwenyewe, polepole, akitenga mbegu za maharagwe kando moja moja. Alipofika katikati Karimi alimwambia aache hapo, maana kesho utapandwa muringa mwingine, na yeye Baariu ndiye atakayeleta mche.

Muthara, kibarazani

Sikuondoka siku ile. Mama Nkatha aliileta picha kibarazani, akaiweka mbele yangu pamoja na bakuli la ucuru.

"Rudisha," alisema.

Nikaukwangua mti wa uongo kwa kisu, nikauchora pale ulipokuwa, mbele ya msalaba. Kanisa likapotea. Upande wa kulia ukabaki wazi, mzito kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ng'ombe, Mama Nkatha alisema nimwache, kwa sababu alikuwa mnene. Ni picha mbaya. Mwanafunzi angeniletea hiyo ningemwomba aje na mzazi.

Alimpigia binti yake simu mbele yangu. "Picha inabaki hapa," alimwambia. Akasikiliza. "Hao wenye meno waangalie ukuta." Akakata.

Jioni, jua likiwa bado liko, Karimi alirudi, na nyuma yake Baariu, amebeba mche wa muringa kwenye mfuko wa plastiki. Alisimama mbele ya picha kwa muda mrefu.

"Nyumba yangu umeifanya ndogo," aliniambia.

"Iko mbali."

"Haiko mbali. Ni hapo."

Nikaikuza kidogo. Haikuharibu kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Mama Nkatha aligeuza turubai. Nyuma, kwa kalamu ya wino, Karimi aliandika kwa herufi kubwa kwamba mti wa mpaka ulisimama kama ulivyochorwa upande wa pili, na shimo limechimbwa na mizizi imeonekana. Akaandika jina lake. Mama Nkatha akaandika lake, polepole. Baariu aliikodolea macho kalamu, akaichukua, akaandika. Kaberia aliitwa kutoka kwenye pikipiki yake, naye akaandika, pamoja na nambari ya simu.

Nilikuwa nimeshachovya brashi ndogo kwenye nyeusi, nimeinama kutafuta kona ya chini ya kulia, pale ninapoweka jina langu siku zote, upande wa mbele, ili watu wajue kazi ni ya nani.

"Si huko," Mama Nkatha alisema, akanipa kalamu. "Njoo huku nyuma na wengine."

Nikaandika jina langu chini ya la Kaberia, mahali pa mashahidi.